Kalafati: Historia ya Wazibao Maji

Ushairi wa Kiswahili umekipenda chombo. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hadi mashairi ya magazetini, chombo kimekuwa nchi, kimekuwa ndoa, kimekuwa mwili wa mwanadamu na roho yake. Nahodha amepewa sifa na lawama. Tanga limesukiwa mafumbo ya mapenzi. Upepo umepewa tabia za adui na za muhibu. Katika safari zote hizo mtu mmoja amesahauliwa, naye ni yule aliyechuchumaa chini ya ubavu wa chombo wakati wa maji kupwa, mkononi ana nyundo ya mti na patasi butu, akiisukumiza pamba katika uwazi ulio baina ya mbao na mbao. Huyo ndiye fundi wa kalafati. Pasi na yeye nahodha hakuwa na pa kusimama, wala mshairi hakuwa na pa kuanzia.

Kiswahili kina neno moja, sifa, lenye maana mbili. La kwanza ni lile la kusifu. La pili ni mafuta yapikwayo kutokana na maini ya papa, yenye harufu kali, ambayo hupakwa mbao za chombo ili zisinywe maji. Yaweza kusemwa kwamba historia ya pwani imegawa sifa hizo kwa watu wawili mbalimbali: nahodha akapewa za kwanza, fundi akabaki na za pili. Makala haya yanamfuata huyo wa pili, kutoka fukwe za bahari hadi Ziwa Viktoria, kwa kuwa kazi yake ya kuyatafuta maji mahali yaingiapo na kuyazuia ndiyo iliyovifikisha vyombo vyote vilikofika.

Neno lenyewe limesafiri kuliko mabaharia wengi. Kalafati imetoka katika Kiarabu, na ndugu zake wametapakaa katika bahari ya Mediterania yote: Wagiriki walilitumia, Wataliani wanalo, Wafaransa wanalo, Wareno wanalo. Katika dola ya Bizanti, mwaka 1041, alitawazwa mfalme aitwaye Mikaeli wa Tano, ambaye baba yake, Stefano, aliwahi kuwa fundi wa kuziba nyufa za merikebu. Watu wa mji mkuu hawakumsamehe. Walimwita Mikaeli Kalafati, na kwa jina hilo la kejeli ndivyo vitabu vya historia vinavyomkumbuka hata leo. Hakutawala zaidi ya miezi michache. Mwaka 1042 alipinduliwa na kupofuliwa macho. Jambo la kutazamwa hapa ni lile jina. Dola iliyoishi kwa merikebu, iliyolishwa na merikebu na kulindwa na merikebu, iliona kwamba tusi kubwa la kumpa mfalme ni kumkumbusha kuwa baba yake alizizuia merikebu hizo zisizame.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuyakabili maji yaingiayo chomboni kumepita katika nyakati tatu. Kwanza watu waliishi na maji, kisha wakayazuia, na hatimaye wakadhani wameweza kuyasahau.

Wakati wa kwanza ni wa vyombo vilivyoshonwa. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus kinautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr aliona katika Bahari ya Shamu vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kupakwa mafuta, akaandika kwamba mafuta yaliyo bora kuliko yote ni ya papa. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji waliona vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba.

Mtepe wa visiwa vya Lamu ndio uliokuwa wa mwisho katika ukoo huo. Mbao zake zilitobolewa kwa keekee, zikaunganishwa kwa vigingi vya mti, zikashonwa kwa kamba ya makumbi, na tanga lake la pembe nne lilikuwa la mkeka wa miyaa. Chombo hicho kilikuwa na faida yake. Kwa kuwa kilishonwa, kilikuwa na ulegevu. Kikigonga mwamba wa matumbawe au kikipwelewa juu ya mchanga, kilijinyonga kidogo badala ya kupasuka. Lakini kila tundu la mshono lilikuwa mlango wa maji, na kamba, tofauti na msumari, huoza upesi. Hivyo mtepe haukukauka kamwe. Ulibeba boriti kutoka Lamu kwenda Unguja, na safari nzima palikuwa na watu katika ngama, yaani chini kabisa maji yakusanyikapo, wakifua maji kwa upo, usiku na mchana. Kufua maji hakukuwa dalili ya chombo kibovu, bali sehemu ya mwendo, kama kupiga makasia. Aliyekiunda mtepe alijua kwamba maji yataingia, akawahesabu na wa kuyatoa.

Mitepe ilitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hii mfano wake uliundwa upya Unguja na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Jumba lenyewe, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya watu wa nyumba. Mtu wa chombo hana nafasi ya pili hiyo, kwa kuwa baharini hakuna ukuta wa kujenga.

Wakati wa pili ni wa misumari. Jahazi, mashua na ndugu zao zilipigiliwa misumari katika mataruma, na mbao zikakaa kando kwa kando bila ya mshono. Hapo ndipo kalafati ilipokuwa elimu kamili. Baina ya ubao na ubao fundi alisukumiza uzi wa pamba uliolowekwa katika mafuta ya nazi au sifa, akiugonga kwa patasi na nyundo mpaka ukashikamana. Sehemu ikaayo majini ikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kumzuia mdudu wa baharini atobaye mbao. Kazi hiyo ilifuata mwezi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, chombo kilipandishwa juu, kikatiwa magadi ubavuni kisianguke, na fundi akapata saa chache za kufanya kazi kabla bahari haijarudi. Kuanzia Matondoni ya Lamu hadi Nungwi ya Unguja na Chole ya Mafia, sauti ya nyundo za kalafati ilikuwa saa ya pili ya kijiji.

Ugumu wa kazi, hata hivyo, ni kujua mahali pa kuziba. Kanuni ya kwanza ya elimu hii ni kwamba maji hayaonekani pale yaingiapo. Huingia omo, yakafuata taruma, yakateleza juu ya mkuku, yakaonekana tezi. Na mtu asiyejua ataziba tezi mwaka mzima, na maji yasipungue. Kwa hiyo fundi huanza kwa maswali kabla ya kushika nyundo. Chombo huvuja kikiwa kimetia nanga, au kikiwa na tanga tu? Kikivuja kimesimama, tatizo liko chini ya mstari wa maji. Kikivuja kwa tanga peke yake, liko juu zaidi, ubavuni upande unaolala, au mahali mlingoti unapozitikisa mbao. Huvuja kitupu, au kikiwa na shehena tu? Kikivuja kwa shehena, ni mbao za juu zilizokaushwa na jua ambazo mzigo umezishusha majini. Huvuja siku zote, au baada ya mvua? Kikivuja baada ya mvua, bahari haina kosa, ni sitaha.

Baada ya maswali huja ulimi. Fundi hutia kidole katika maji ya ngama na kuyaonja. Yakiwa ya chumvi, yamepenya ubavuni au chini. Yakiwa matamu, yametoka mbinguni, au yametoka katika pipa la maji ya kunywa. Hili ni jambo dogo ambalo limeokoa siku nyingi za kazi, na ndilo litumikalo hata leo katika boti ndogo zenye chumba juu yake, ambamo maji ya mvua huteremka kwa pembe ya dirisha au kwa tundu la skrubu, yakapita nyuma ya mbao za ukutani, na kutokeza chini ya godoro, mbali na yalikoingilia.

Ikiwa ulimi haukutosha, chombo hutiwa maji ndani kikiwa juu ya magadi, na fundi huzunguka nje akitazama. Panapotona tone ndipo penye njia, kwa kuwa tundu lipitishalo maji kuingia halina hila ya kuyazuia yasitoke. Hapo hutia alama ya mkaa. Kisha huichokoa pamba yote ya zamani mpaka aone mti mkavu, kwa sababu pamba mpya haikai juu ya pamba iliyooza. Wala haikazi kupita kiasi. Mti ukilowa huvimba, na pamba iliyosongwa mno huusukuma ubao mpaka ukang'oka katika taruma. Yule aliyetaka kuziba ufa mmoja akafungua ubavu mzima. Kwa sababu iyo hiyo, chombo kilichokaa juani muda mrefu huwahi kuzamishwa makusudi katika maji machache kwa siku kadhaa, mbao zivimbe na kukutana zenyewe. Asiyejua hukiona kimezama, kumbe kinajiziba.

Elimu hiyo ilikuwa na mpaka wake, nao ulikuwa nchi kavu. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha hushuka baina ya wilaya za Tarime na Serengeti, upande wa Kemambo, ambako habari za leo ni za dhahabu na ng'ombe kuliko za vyombo. Humwagika hatimaye katika Ghuba ya Mara, Musoma. Kutoka Unguja hadi ghuba hiyo hakuna njia ya maji. Chombo cha pwani kilichotaka kufika huko kililazimika kubebwa mabegani.

Ziwa lenyewe halikuwa likingojea kufundishwa. Watu wa Buganda na visiwa vya Ssese walikuwa na mitumbwi mirefu ambayo chini yake ni gogo moja lililochongwa, na juu yake mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea. Naam, zilizoshonwa, kama mtepe. Wataalamu wamebishana kama mshono wa ziwani na mshono wa baharini ni ndugu wa damu. Iwe hivyo au sivyo, kazi ilikuwa moja: wapiga makasia mbele na nyuma, na katikati mfuaji wa maji ambaye mkono wake haukupumzika. Ila kidole cha mwonjaji hakikuwa na faida huko. Ziwani maji yote ni matamu, ya mvua na ya chini. Ulimi hauna ushahidi wa kutoa, na jicho likabaki peke yake.

Mwezi Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka pwani na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito mno kwa mabega ya watu, vikakatwa upya viwe vyembamba zaidi. Kila mkato huo uliwapunguzia wapagazi mzigo na kuwaongezea mabaharia kiungo, na kila kiungo ni mlango wa maji. Tarehe 8 Machi 1875 mashua ilishushwa ziwani huko Kageyi, kusini mwa ziwa, ikaelekea mashariki, ikapita mbele ya pwani ya Mara. Ndani yake walikuwamo Waungwana wa Unguja, na mshika usukani aliyepata jina katika safari hiyo aliitwa Uledi. Vitabu vinamtaja Uledi kwa ushujaa wake katika mito na maporomoko. Kwa kuviangalia viungo vya mashua kila asubuhi, hapana anayetajwa.

Katika miaka hiyo hiyo mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro alikuwa akiunda chombo cha tanga huko Ukerewe, ili kuleta ziwani kile ambacho baba zake walikijua baharini. Mwezi Desemba 1877 ugomvi ulizuka kisiwani humo, naye akauawa pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza.

Wamisionari hao walikuwa wameleta boti yao, Daisy, yenye hadithi inayofaa zaidi hapa. Ilijaribiwa kwanza mwaka 1876 katika mto Wami, ikaonekana mto haupitiki. Ikafunguliwa, ikabebwa vipande vipande hadi ziwani, ikaungwa tena, na mwaka 1877 ikavuka hadi Buganda. Mwezi Agosti 1878 Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyekuwa na umri usiofika miaka 30, alisafiri ndani yake na mwenzake Wilson. Dhoruba ikawakamata, boti ikatupwa katika pwani ya magharibi ya ziwa, mbao zikavunjika, maji yakajaa. Karibu hapakuwa na karakana wala mbao zilizopasuliwa.

Mackay alifanya kile ambacho fundi yeyote wa Nungwi angekielewa mara moja, ijapokuwa angesita kukifanya. Aliikata boti katikati, akatoa futi 8 za tumbo lake, akayavuta omo na tezi mpaka yakakutana, na kwa mbao za kile kipande kilichotolewa akayaziba matobo yote ya pande mbili zilizosalia. Mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na kutengeneza viatu vya kawaida kutokana na viatu virefu. Ilichukua wiki 8. Boti ikashuka majini ikiwa fupi, mwezi Novemba ikawafikisha Buganda. Kisa hiki husimuliwa katika vitabu vya dini kama mfano wa subira. Kwa jicho la kalafati ni mfano wa jambo jingine pia: kwamba chombo chaweza kupoteza urefu, uzuri na hata umbo lililokusudiwa, na bado kikawa chombo, mradi hakipitishi maji. Kisichoweza kukipoteza ni ukavu wake.

Wakati wa tatu ulianza kwa chuma. Meli William Mackinnon ililetwa Mombasa kwa vipande, ikashushwa ziwani Kisumu mwaka 1900, baada ya miaka ya vipande vyake kuchukuliwa na misafara. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 zikafuata Winifred mwaka 1902 na Sybil mwaka 1903. Watu walioona mabati hayo yaliyofungwa kwa ribiti walidhani kalafati imekwisha. La hasha. Bati juu ya bati nalo lina mshono, na mafundi walipita kandokando ya mshono huo kwa patasi na nyundo, wakiuponda ukingo wa chuma mpaka ukaung'ata mwenzake. Kazi hiyo nayo iliitwa kalafati katika lugha za watu wenye viwanda. Pamba ilikwisha, nyundo ikabaki.

Chuma nacho kilizamishwa ili kiokolewe. Katika Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiunda Kigoma meli Graf von Götzen iliyoletwa kwa masanduku elfu kadhaa, wakaishusha majini mwaka 1915. Walipolazimika kukimbia, mwezi Julai 1916, waliizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza mashine zake zilipakwa grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka yote ile chini ya ziwa grisi ilikuwa imefanya kazi ya deheni. Mzee wa pwani aliyezoea kuizamisha mashua yake iliyokauka, asingeshangaa sana.

Lakini chuma kilileta hatari mpya. Abiria wa mtepe alimwona mfuaji wa maji mbele ya macho yake. Alijua kwamba uhai wake u katika upo. Abiria wa meli ya chuma haoni ngama. Iko chini ya vifuniko, inaangaliwa na pampu, na pampu inaangaliwa na mtu asiyemjua. Maji hayakuondoka, ila yalifichwa. Na lililofichwa husahauliwa hata na wenye dhamana.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 800 walikufa. Haikuwa ajali ya kuvuja. Ilikuwa ya uzito na mizani. Lakini baada ya kupinduka, meli ilielea kifudifudi kwa saa kadhaa, na ndani yake walikuwamo watu hai waliokuwa wakigonga mabati. Kilichoielea meli ni hewa iliyonaswa chini ya tumbo lake. Waokoaji, kwa nia njema, walitoboa tumbo hilo ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa tundu lile, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, meli ikazama na waliokuwa wakigonga. Tundu lipitishalo hewa kwenda juu ndilo lipitishalo maji kutoka chini. Fundi wa kalafati, ambaye maisha yake yote ni kufikiri juu ya matundu, ni mtu ambaye pengine angefaa kuulizwa asubuhi ile.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tena kwa watu wengi kupita kiasi. Watu 228 walikufa. Siku ya pili baada ya ajali, wapiga mbizi walimtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai, kutoka katika nafasi yenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Misiba hiyo miwili ya ziwa moja inafundisha somo lile lile kwa pande zake mbili. Mahali palipozibika, pumzi ilibaki. Mahali palipotobolewa, pumzi iliondoka.

Leo boti za faiba zimeenea, baharini na ziwani. Hazina mbao za kuvimba wala mshono wa kutiwa pamba, na muuzaji huzisifu kwamba hazivuji. Maneno hayo ni kweli mpaka siku ya kwanza mtu anapozitoboa ili aweke injini, kitanzi cha kamba, dirisha la chumba au paa la kivuli. Kila bolti ni tundu lililozibwa kwa muda. Gundi hukauka, jua huipasua, mtetemo wa injini huilegeza, na maji hurudi katika kazi yake ya kale: kuingia hapa na kuonekana pale. Dawa ni ile ile ya Nungwi na Matondoni ijapokuwa vifaa vimebadilika. Kikaushe chombo. Uliza kinavuja lini. Onja. Tia maji upande mmoja, tazama upande wa pili. Ondoa gundi ya zamani yote kabla ya kutia mpya. Usikaze kupita kiasi.

Kwamba elimu hiyo yaweza kuvuka kutoka dutu moja hadi nyingine, mafundi wa Lamu walidhihirisha mwaka 2018, wakiongozwa na Ali Skanda, walipounda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki zilizookotwa, kwa urefu wa mita 9 na kwa mtindo wa mababu. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria, likatembea katika maji ya nchi za Afrika Mashariki. Njia ni ile ile ya Lady Alice na Daisy, kutoka pwani hadi ziwani; ila safari hii walioundia chombo walijulikana kwa majina kabla ya aliyekisafiria.

Hilo ndilo linalodaiwa na historia hii. Vyombo vya mbao vinapungua, na pamoja navyo wanapungua wazee wawezao kusikia kwa mlio wa nyundo kwamba pamba imekaa. Elimu ya kuziba haikuandikwa. Ilikaa katika kidole, katika ulimi, katika sikio. Ikipotea, boti za faiba zitaendelea kuelea, na vivuko vya chuma vitaendelea kuvuka, lakini hapatakuwa na mtu mwenye mazoea ya kuinua kifuniko cha ngama na kuuliza maji haya yametoka wapi. Na washairi, ambao wamekisifu chombo kwa karne kadhaa, bado wana deni la beti chache kwa yule aliyekaa chini yake maji yalipokupwa, nyundo mkononi, akiwahi bahari kabla haijarudi.